Kurasa za Mume

Nyumba yetu ya mtaa wa Lumumba, pale Bunia, ilikuwa na sheria moja iliyozipita nyingine zote: ndani ya uzio hakisemwi kitu ila Kiswahili. Si Kiswahili cha vitabu. Ni hiki chetu, chenye Kifaransa kidogo na Kilingala cha kuazima. Mama alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara Wanande waliohama kutoka upande wa Butembo. Baba alikuwa Mwalur wa Mahagi. Walipooana walikubaliana kwamba hakuna atakayesema na watoto kwa lugha ambayo mwenzake haijui. "Nyumba ya kusengenyana, miye hapana taka," Mama alizoea kusema, na wageni waliisifu sana sheria hiyo. Hata padri aliwataja wazazi wangu katika mafundisho ya wachumba, wafuatwe.

Nimechukua miaka mingi kuona kwamba sheria ile haikuwabana sawasawa. Mama aliletwa Bunia akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia sokoni. Kiswahili alikuwa nacho cha kutaniana, cha kubembeleza mteja, cha kumkaripia mlevi na cha kuomboleza. Alipokiacha Kinande mlangoni hakupungukiwa na mengi. Baba alikuja mji huu akiwa mtu mzima, na mashini yake ya kushona, na Kiswahili alichojifunza kilimtosha kupima kiuno, kutaja bei na kusalimu. Basi nyumbani alitumia hicho alichokuwa nacho. Ndiyo. Hapana. Mvua inakuja. Chakula iko? Sisi watoto tukadhani ndiyo yote yaliyomo ndani yake.

Nasema "sisi watoto" ili nisibaki peke yangu. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Aliyedhani hivyo ni mimi.

Na nilipewa nafasi ya kujua vingine. Nilikuwa na miaka kama minane, bado miaka ya sabini, Baba aliponichukua kwao kuwasalimu ndugu. Tulipanda lori la kahawa, tukafika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Asubuhi yake watu walikusanyika uani kwa mama yake, Baba akaanza kusimulia. Sikuelewa hata neno moja. Niliona tu mikono yake ikipaa, sauti ikipanda na kushuka, akimwiga mtu anayefukuzwa na mbuzi, kisha akimwiga mbuzi mwenyewe. Wanawake wazee walishika mbavu. Shangazi mmoja aliyejua Kiswahili kidogo alinifuta machozi ya kicheko akidhani nami nacheka, akaniambia, "Papa yako akifika hapa, hakuna mutu iko nalima."

Ningefurahi, mtoto mwema angefurahi. Mimi nilinuna. Niliona tumeibiwa: mtu huyu mchangamfu anabaki Mahagi, na kwetu anarudi bubu. Tuliporudi Mama aliuliza safari ilikuwaje, nikamjibu kwamba kwa bibi kuna kuku wengi. Sikumwambia habari za yule mwanamume mwingine niliyemwona. Hata sasa sijui vizuri kwa nini. Nafikiri niliona aibu kumwambia kwamba mume wake ni mtu fulani na yeye hajawahi kukutana naye.

Kisha nikaingia lise ya masera, yaani sekondari ya watawa wa kike, na Kifaransa kikanipanda kichwani. Shule ya msingi tulikuwa tumeanza kwa Kiswahili, halafu Kifaransa kikaja polepole, lakini kule lise kilikuwa ndiyo hewa. Nilianza kufikiri kwa Kifaransa, au kujifanya nafikiri. Niliwasahihisha majirani ambao hawakuniomba. Masera mmoja alikuwa na kabati la vitabu, akituazima Jumamosi tukishamaliza kufagia, na mimi nilisoma kabati lile rafu baada ya rafu, pupa tupu. Humo ndimo nilimojifunza nani ni mtu na nani si mtu. Katika riwaya za Kifaransa mtu akisema, maneno yake yanatanguliwa na kistari. Nilizoea kuwinda vistari. Palipo na vistari kuna watu, kuna ugomvi, kuna mapenzi. Ukurasa mnene usio na kistari niliuruka kama dimbwi. Nikaja kuamini, bila mtu kunifundisha, kwamba mwenye akili ni yule anayesema, na mwenye akili zaidi ni yule anayesema zaidi.

Mambo ya nyumbani yalianzia barzani, mchana mmoja mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mimi nasoma. Nikacheka. Akauliza nacheka nini, nikamweleza kwamba kuna mwanamke Mfaransa ameunguza mchuzi makusudi ili mumewe walau alalamike, na mume amekula mchuzi wote bila kusema neno. Mama aliacha kutwanga.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea, nikitafsiri jinsi nilivyoweza, na kesho yake akataka tena. Ikawa kazi ya kila siku nikitoka shule: yeye kinuni, mimi kwenye kigoda, na yule mwanamke wa Ulaya kati yetu. Nilifurahi mno. Sikuwahi kuwa na Mama kwa namna ile, yeye akisikiliza na mimi nikijua.

Inabidi nieleze kosa moja alilofanya Mama, ingawa kusema kweli lilikuwa langu. Hakujua kusoma. Vitabu alivyowahi kusikia vikisomwa kwa sauti ni vya misa, katekisimu na Injili, na vyote vilisimulia mambo yaliyokuwapo. Siku ya kwanza kabisa aliniuliza, "Ule mama iko muzima, ao alishakufa?" Nikajibu kwamba yuko mzima. Ningesema nini? Kumweleza kwamba watu hao hawakuwahi kuzaliwa, kwa Kiswahili chetu, ilikuwa sawa na kumwambia kwamba masera wanawapa watoto uongo wausome, na yeye alikuwa mwanamke wa kuniondoa shuleni kesho yake. Hayo nilijiambia wakati ule. Sababu nyingine ni kwamba nilipenda anavyosikiliza mtu anayeamini.

"Na bwana yake, hasemake kitu?" alikuwa akiuliza.

"Hasemi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Hapo ndipo pananichoma. Mume yule alikuwa na kurasa zake. Mara tatu au nne mwandishi alimwacha mke jikoni akaingia kichwani mwa mume, kurasa nzima bila kistari hata kimoja, sentensi ndefu zenye maneno ambayo ningelazimika kuyatafuta kwenye kamusi. Nilizifunua zote kwa pamoja, nikaendelea mbele alipo mke. Sombe ilikuwa karibu kulainika, nilikuwa na kazi za shule, na mume alinichosha. Nilishazoea kuishi na mtu wa aina hiyo bila kumsoma.

Siku si nyingi baadaye Mama alikwenda parokia kutoa nia ya misa, mtu aombewe. Hakuniambia. Jumapili katekista alisimama akasoma nia kama kawaida, marehemu fulani, mgonjwa fulani, msafiri wa Aru aliyepotelewa na mizigo, kisha akasoma jina la Kifaransa, jina la ubatizo la wazi kabisa, wakati ambapo serikali ilishatunyang'anya majina hayo ili tubaki na ya Kiafrika tu, na hakuna aliyelitamka la kwake hadharani. Vichwa viligeuka. Nilijua papo hapo ni nani: yule mwanamke wa kitabuni.

Baada ya misa padri alimsimamisha Mama mlangoni, mbele ya watu, akauliza huyo dada ni nani na anaumwa nini.

"Haumwe, padri," Mama akajibu. "Iko na bwana hasemake."

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko kibaya, lakini macho yao yalikwenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa amesimama pembeni na koti lake la Jumapili alilolishona mwenyewe, kofia mkononi. Mtaa mzima wa Lumumba ulijua mume asiyesema ni yupi. Alivaa kofia, akatangulia nyumbani. Mimi niliyejua kwamba mwanamke yule ni wino na karatasi, ambaye ningeweza kusema neno moja na watu wakamcheka mtoto badala ya kumcheka baba yake, niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tangu hapo nilianza kuogopa kitabu. Nilisoma mwisho wake peke yangu, shuleni, wakati wa mapumziko, nikaona kwamba mke anaondoka. Nikaamua kumbadilishia Mama. Siku ilipofika nilikaa kwenye kigoda changu, nikafungua kitabu, nikamsimulia jinsi mume alivyorudi kutoka kazini, akavua kofia, akamwambia mkewe, "Nisamehe, leo tuongee." Ilinitoka vizuri sana. Nilikuwa nimefika mahali wanapolia wote wawili niliposikia mchi umewekwa chini.

"Macho yako iko ku barabara," Mama akasema. "Kitabu iko ku magoti."

Nikakiinua kitabu.

"Soma ile iko mu kitabu. Hapana ile iko mu roho yako."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nikainamisha uso nikasoma: asubuhi mke aliamka, akakiosha kikombe cha mumewe, akakigeuza kikauke, akachukua sanduku lake, akatembea mpaka kwenye gari la moshi. Mama alisikiliza akitazama majani kinuni.

"Na yeye alisema nini?"

"Nani, Mama?"

"Bwana."

Nikafunua. Ukurasa wa mwisho wa kitabu ulikuwa wa mume, wote, juu mpaka chini, na haukuwa na kistari.

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Na ilikuwa kweli. Hakusema, aliwaza. Nilijikinga kwa ukweli huo miaka na miaka, mbele ya nafsi yangu na mbele ya padri kwenye kitubio. Mama aliitikia "Eeh," akachukua mchi, akamaliza kutwanga, na jioni ile tulikula sombe na samaki wa Kasenyi kama siku zote.

Likizo kubwa ilipoanza, Mama alimchukua mdogo wangu, akaenda Butembo kuwasalimu ndugu. Mimi nilibaki kwa sababu Baba alihitaji mtu wa kumpikia. Alipanda gari akicheka na wenzake wa sokoni. Baada ya muda wafanyabiashara waliotoka huko walileta habari kwamba anauza vitenge na dada yake, biashara inaenda, hatarudi upesi. Baadaye tena habari zilikuja bila hilo neno "upesi".

Mama wadogo zangu wameniambia nisijitwike mzigo usio wangu. Mwanamke mzima, wanasema, haachi nyumba kwa ajili ya kitabu. Dada yao alikuwa ameshaondoka moyoni siku nyingi. Huenda. Wao hawakuwapo barzani alipouliza bwana alisema nini.

Tukabaki wawili, Baba na mimi, na Kiswahili chake cha kupimia suruali. Nilipika, alishona, tulikula tukisikia vijiko. Majirani waliacha kumtania, jambo lililokuwa baya kuliko kumtania. Kule lise niliendelea kushika nafasi za juu. Masera alisimama siku moja mbele ya darasa akasema kwamba mimi nina kipaji cha kuwaelewa watu wa riwaya, ninaona mpaka mioyo yao. Wenzangu walipiga makofi. Nilitamani kumwambia aende sokoni, kwenye barza ya mafundi wa kushona, amuulize mmoja wao, baba yangu, juu ya kipaji hicho. Badala yake nikasema asante, tena kwa matamshi mazuri.

Siku ya Jumapili, mvua ikinyesha, Baba aliniita. Aliniita "mama" kama kawaida yake, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi.

"Mama, kile kitabu. Iko?"

Nilimwambia nilishakirudisha kwa masera. Akatikisa kichwa. Jumamosi iliyofuata nilikiazima tena, na kesho yake baada ya misa, mvua ikinyesha tena, nilikileta barzani. Baba alikuwa amekifunika kile kimashini chake kwa kitambaa. Alikaa pale pale alipokuwa akikaa Mama, mikono juu ya magoti. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Hapana," akasema. "Mama yako alisikia mambo ya bibi. Miye nataka mambo ya bwana."

Basi nikaenda kwenye kurasa za mume, kwa mara ya kwanza, na kamusi mapajani. Ilikuwa kazi ngumu. Nilisoma sentensi, nikatafuta neno, nikairudia, nikaisema kwa Kiswahili, nikaona haijatosha, nikaisema tena. Baba alisubiri. Mume yule, kumbe, alikuwa akimsikia mkewe akiongea jikoni na kila mara akiandaa jibu. Aliliandaa kwa uangalifu, na lilipokuwa tayari mke alikuwa ameshafika kwenye jambo jingine, akaona haya kurudi nyuma. Basi akaliweka. Alikuwa na majibu ya miaka. Mchuzi ulioungua aliutambua tangu harufu ya kwanza, akajua umeunguzwa kwa nini, akala wote kwa sababu alifikiri kuumaliza ni kusema. Katika ukurasa wa mwisho anakikuta kikombe kimegeuzwa, anakaa, na anamwambia mkewe yote, kichwani, mpaka giza linaingia.

"Rudilia," Baba akasema. Nikarudilia.

"Hii ulimusomea mama yako?"

"Hapana, Papa."

"Sababu ya nini?"

"Niliruka. Ilikuwa nguvu kusoma."

Aliinamisha kichwa mara moja, kama anavyofanya mteja anapomtajia kipimo. Nikaanza kulia. Sikulia kwa ajili ya Mama, ambaye nilijua kwamba anacheka huko Butembo na kwamba kicheko hicho ni haki yake. Nililia kwa sababu alikuwa ameniuliza kitu na nimejibu, na jibu langu lilikuwa la aibu, na yeye hakunigombeza.

Ndipo akasema. Alisema kwa Kialur, ndani ya uzio wetu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Alianza chini chini, akitazama mvua. Halafu sauti ikapanda. Mikono ikatoka magotini, ikapaa. Nilisikia jina la Mama, nikalisikia tena, na tena, kila mara kwa sauti nyingine. Nilisikia Butembo. Nilisikia jina langu, na sikujua kama ananitaja mimi au anamwita mama yake. Kuna mahali alicheka kidogo. Kuna mahali alinigeukia akaniuliza kitu, nadhani alikuwa akiniuliza, kwa kuwa alisubiri akinitazama, na mimi nikaitikia kwa kichwa tu ili asinyamaze. Aliendelea muda mrefu. Majibu yote aliyoyaandaa mezani, barzani, mlangoni mwa kanisa, yalikuwa yanapita mbele yangu na sikuweza kushika hata moja.

Alipomaliza alipumua.

"Papa," nikasema, "miye hapana sikia maana. Useme mu Kiswahili."

Alijaribu. Nilimwona akijaribu, midomo ilifunguka, akatafuta, akaanza neno, akaliacha. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa.

"Mu Kiswahili haiko, mama," akasema. "Haiko."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kwa kuwa ndizo lugha nilizokuwa nazo.